SOMO LA AFYA: Sikio la Usaha Linapoficha Uvimbe wa Mshipa wa Uso



Katika somo hili tunazungumza juu ya ugonjwa ambao si wa kila siku, lakini ukimpata mtu na usigunduliwe mapema, unaweza kumwacha na uso uliopinda maisha yake yote. Ni uvimbe unaoota kwenye mshipa wa fahamu unaotikisa uso. Tunauleta kwenu kwa sababu sisi tunaozunguka vijijini hapa Uasin Gishu na sehemu za jirani tunakutana na watu ambao masikio yao yametoa usaha tangu utotoni. Sikio la namna hiyo ni maficho mazuri sana ya uvimbe huo. Kila dalili mpya ikitokea, mgonjwa husema, jamaa husema, na pengine hata mhudumu wa afya husema, "Ah, ni lile sikio lake tu."

Mwisho wa somo hili tungependa kila msomaji aweze kufanya mambo matatu:

(a) kueleza mshipa wa uso unapita wapi na kwa nini unahusiana na sikio;
(b) kutambua dalili ambazo hazifai kuachiwa matone ya sikio peke yake;
(c) kumsaidia mgonjwa kufika kwa daktari wa masikio akiwa na habari kamili.

1. Tuujue mshipa wenyewe

Mshipa tunaousema hapa si mshipa wa damu. Ni neva, yaani uzi unaobeba amri kutoka kwenye ubongo. Kila upande wa uso una neva yake. Ndiyo inayotuwezesha kukunja paji la uso, kufumba jicho, kucheka, kupiga mluzi na kuzuia chai isimwagike mdomoni. Inabeba pia ladha kutoka sehemu ya mbele ya ulimi, na inasaidia jicho kutoa machozi.

Ajabu ni njia inayopitia. Ikitoka kwenye ubongo huandamana na neva ya kusikia mpaka ndani ya mfupa wa sikio. Hapo inaingia katika mfereji mwembamba wa mfupa wenye urefu wa karibu sentimita 3. Mfereji huo unaitwa kwa jina la Fallopius, tabibu wa Italia wa karne ya 16. Neva hupita ndani ya sikio la kati, nyuma ya kiwambo, ikateremka katika mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha ikatoka chini ya sikio na kutawanyika usoni.

Basi mwone wenyewe: mshipa wa uso ni mpangaji katika nyumba ya sikio. Nyumba ikiungua, mpangaji naye huungua. Na mpangaji akiugua, watu wa nje hudhani ni nyumba tu iliyo na shida.

2. Sikio la usaha ni la kawaida kiasi gani?

Mwaka 1992 wanafunzi zaidi ya 5,000 walipimwa masikio wilayani Kiambu. Karibu mtoto 1 katika kila 100 alikuwa na sikio lililotoboka kiwambo na kutoa usaha wa muda mrefu. Wengine walipewa matibabu katika utafiti uliotangazwa mwaka 1996. Kati ya waliopanguswa sikio na kupewa dawa za kuua vijidudu pamoja na matone, 51 katika kila 100 walikauka baada ya wiki 16. Waliopanguswa tu bila dawa walikauka 22 katika kila 100, sawa na wale ambao hawakutibiwa kabisa.

Hesabu hiyo inatufundisha mambo mawili. La kwanza, dawa inasaidia, kwa hivyo tusimwache mtoto na usaha ati utaisha akikua. La pili, hata kwa matibabu mazuri karibu nusu ya watoto hao waliendelea kutoa usaha. Watoto kama hao hukua, wakaoa na kuolewa, wakazeeka na sikio lile lile. Wanalizoea. Huyu mtu aliyezoea ndiye tunayemwazia leo.

3. Jinsi uvimbe unavyojificha

Tuchukue mfano ili tuelewane. Mama wa miaka 38 anauza mboga sokoni. Sikio lake la kushoto limetoa usaha tangu alipokuwa darasa la tatu. Wakati wa mvua usaha huja, kiangazi hukauka, halafu hurudi. Siku moja kope ya jicho la kushoto inaanza kuchezacheza. Wenzake wanamwambia ati atapata mgeni. Miezi sita baadaye chai inamtoka kwenye pembe ya mdomo. Sikio nalo linazidi kuwa zito. Anakwenda zahanati, usaha unaonekana, anapewa matone. Usaha unakauka na kila mtu anafurahi, lakini mdomo unaendelea kwenda upande. Anarudi, anapewa matone mengine. Mwaka unaisha hivyo.

Tazameni vizuri. Usaha ulikuwepo kweli, na matone yalifanya kazi yake. Shida ni kwamba dalili mbili zilipewa sababu moja bila kuuliza. Sikio lilikauka, uso haukupona. Hapo ndipo mtu angepaswa kusema, "Ngoja, hapa kuna kitu kingine."

Uvimbe wenyewe mara nyingi ni ule uitwao shwanoma. Unaota kutoka kwenye ganda linaloizunguka neva. Si saratani, hausambai mwilini, na unakua polepole kwa miaka. Kwa kuwa unakua polepole, neva huzoea kubanwa, na nyuzi zake nyingi zinaweza kufa kabla uso haujaonekana kulegea. Wagonjwa wengine huanza na kutosikia tu, kwa sababu uvimbe umegusa vile vifupa vidogo vinavyobeba sauti. Na uvimbe ukiziba njia za hewa ndani ya sikio, unaweza wenyewe kuleta usaha! Kwa hivyo usaha unaweza kuwa pazia linaloficha uvimbe, na pengine ni uvimbe huo huo ulioleta usaha.

Kuna mtego mwingine. Daktari akichungulia sikio bovu anaweza kuona kinyama chekundu kimejitokeza. Mara nyingi ni kinyama kinachosababishwa na usaha. Lakini mara chache kinyama hicho ni uvimbe wa neva uliochungulia nje. Mtu akikivuta kwa haraka anaweza kuvuta na neva yenyewe. Mgonjwa aliyekuja akicheka vizuri anarudi nyumbani uso umeanguka. Kwa sababu hiyo kinyama cha sikio si cha kuvutwa dukani, wala kwa mganga, wala kuchomwa kwa dawa kali. Ni cha daktari wa masikio, baada ya kuchunguza.

4. Si kila uso ulioanguka ni uvimbe

Tusitishane. Uvimbe huu ni adimu, na kuna sababu nyingine nyingi zaidi za uso kuanguka:

- Ugonjwa wa Bell, ulioitwa kwa jina la tabibu Charles Bell wa Scotland. Uso huanguka ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu, na sikio huwa zima. Wengi hupona. Dawa husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, kwa hivyo usingoje.

- Kolesteatoma. Ni ngozi iliyoingia ndani ya sikio na kujikusanya kama mfuko. Inanuka vibaya na inakula mfupa polepole mpaka inafika kwenye neva. Usaha wenye harufu mbaya usioisha ni dalili yake. Dawa yake ni upasuaji.

- Kifua kikuu cha sikio. Usaha hutoka bila maumivu makubwa, matone hayasaidii, na uso unaweza kulegea. Hutibiwa kwa dawa za TB.

- Maambukizo makali ya mfupa wa sikio kwa mwenye kisukari, hasa mzee. Maumivu huwa makubwa sana usiku.

- Saratani ya sikio. Ni adimu, lakini inaweza kuota katika sikio lililotoa usaha kwa miaka mingi. Usaha huchanganyika na damu na maumivu ni ya ndani, hayamwachi mtu alale.

- Kiharusi. Hapa mara nyingi paji la uso linabaki zima. Mgonjwa anaweza kuinua nyusi zote mbili, lakini mdomo umepinda. Mkono au mguu unaweza kuwa dhaifu na maneno kutoka vibaya. Huyu apelekwe hospitali mara moja.

Mnaona kwamba karibu yote haya yanataka haraka. Kwa hivyo hatuwaombi mjue ni ugonjwa gani. Tunawaomba mjue kwamba sikio la usaha pamoja na uso unaolegea ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo au kesho yake, si jambo la kungoja siku ya soko ipite.

5. Dalili za kutushtua

Mtu mwenye sikio la siku nyingi akipata moja kati ya hizi, asiridhike na matone peke yake:

(a) uso kulegea polepole kwa wiki au miezi;
(b) kope au shavu kuchezacheza upande wa sikio bovu, na kuendelea hivyo;
(c) uso ulioanguka, ukapona, ukaanguka tena upande ule ule;
(d) uso ulioanguka ghafla lakini miezi 3 imepita bila dalili ya kurudi;
(e) kusikia kunazidi kupungua ingawa usaha umekauka;
(f) kinyama sikioni kinachorudi kila kikitolewa;
(g) damu, au maumivu ya ndani yasiyoisha;
(h) uvimbe chini au mbele ya sikio.

Njia rahisi ya kupima uso nyumbani ni hii. Mgonjwa akae kwenye mwanga mkikabiliana. Mwambie ainue nyusi, afumbe macho kwa nguvu, aonyeshe meno, apulize mashavu. Linganisha pande mbili. Halafu tafuteni picha zake za zamani, za harusi au hata ile ya kitambulisho. Mara nyingi picha huonyesha kwamba uso ulianza kupinda mapema kuliko watu walivyofikiri. Jambo hilo daktari hulithamini sana, maanake linamwambia kama ugonjwa ulikuja ghafla au polepole.

6. Hospitalini watatafuta nini?

Hapa Eldoret tuna bahati. Hospitali iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ndiyo leo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na ina idara ya masikio, pua na koo. Watu hutumwa huko kutoka Turkana, Pokot, Baringo na hata Magharibi.

Daktari ataanza kwa kusafisha sikio, maana haoni kitu kama kumejaa usaha. Atalitazama kwa darubini na kupima kusikia. Uso ataupa daraja. Tangu mwaka 1985 madaktari wengi hutumia kipimo cha House na Brackmann chenye hatua 6: hatua ya 1 ni uso mzima, ya 6 ni uso usiotikisika kabisa. Mwombeni awaandikie namba hiyo. Mkirudi baada ya miezi mtajua kama ugonjwa unasonga mbele.

Baada ya hapo ni picha. Eksirei ya kawaida haitoshi. Ikionekana safi si ushahidi kwamba hakuna uvimbe. CT skani inaonyesha mfupa: kama mfereji wa neva umepanuka, au kama mfupa umeliwa. MRI inaonyesha nyama laini. Mgonjwa akidungwa dawa ya kung'arisha picha, uvimbe wa neva hung'aa, lakini kolesteatoma yenyewe haing'ai. Kwa njia hiyo magonjwa mawili yaliyofanana machoni yanaanza kutengana. Na kama kuna kinyama kinachoweza kukatwa bila hatari, hupelekwa maabara. Kinyama kikitolewa, ulizeni majibu ya maabara yatatoka lini, na mrudi kuyachukua. Karatasi iliyobaki kwenye faili bila kusomwa haimponyi mtu.

Mgonjwa au jamaa anaweza kuuliza swali moja kwa heshima: "Daktari, je, usaha huu unatosha kueleza kwa nini uso umelegea?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Linafungua mlango.

7. Matibabu na thamani ya wakati

Wengine hushangaa daktari akiwaambia, "Tumeona uvimbe, lakini hatuutoi sasa." Huko si kukata tamaa. Kama uso bado unafanya kazi vizuri, kutoa uvimbe mara nyingi humaanisha kukata neva. Kwa hivyo madaktari wanaweza kungoja, wakirudia picha na kupima uso kila baada ya muda. Wakati mwingine hupanua mfereji wa mfupa ili neva ipate nafasi. Kuna pia matibabu ya mionzi kwa baadhi ya wagonjwa.

Uso ukizidi kulegea, au uvimbe ukisogea kuelekea ubongo, upasuaji hufanywa. Neva ikikatwa, daktari anaweza kuunganisha kipande cha neva kutoka shingoni au mguuni. Tuseme ukweli: hata kiungo kikishika vizuri, uso kwa kawaida haurudi kuwa kama zamani. Matumaini makubwa ni hatua ya 3 ya kile kipimo. Jicho linafumba, mdomo unatulia, lakini kicheko hakilingani pande zote mbili.

Hapa ndipo mwaka mmoja wa matone una gharama yake. Misuli ya uso isiyopata amri kutoka kwenye neva hunyauka. Ikipita kiasi cha mwaka mmoja na nusu bila amri yoyote, hata neva mpya ikiunganishwa haitakuta misuli ya kuamsha. Yule mama wa sokoni anapoteza zaidi ya sura. Anapoteza jicho kama halifumbi, anaona haya kula mbele za watu, anaanza kujifunika leso akiuza, na wateja wanahama. Wengine husema amelogwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

8. Kazi ya familia na jumuiya

Jicho. Jicho lisilofumba hukauka na kupata kidonda. Mgonjwa apewe matone ya machozi mchana, mafuta ya jicho usiku, na muuguzi amfundishe kulifunga kwa plasta wakati wa kulala. Avae miwani barabarani kwa sababu ya vumbi. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, aende kliniki ya macho siku hiyo hiyo.

Sikio. Liwekwe kavu. Wakati wa kuoga litiwe pamba iliyopakwa vaselini. Usaha upanguswe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, bila kusukuma ndani. Tusitie mafuta moto, maziwa ya mama wala maji ya majani. Na matone ya sikio yawe yale aliyoandika daktari, maana si matone yote yanafaa sikio lililotoboka.

Daftari. Andikeni mambo manne kabla ya safari: usaha ulianza lini, uso ulianza kubadilika lini, ni dawa gani zimetumika, na usaha ulipokauka, uso ulifanya nini? Hilo la mwisho msilisahau. Daftari hilo pamoja na barua ya rufaa vinaweza kuokoa miezi.

Fedha. Skani ni ghali. Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena, na mahali pake pana SHA. Hakikisheni mgonjwa amesajiliwa na michango yake imelipwa, na mwulize ofisi ya hospitali ni gharama zipi zitalipwa kabla ya siku ya kipimo. Vikundi vya akina mama vinaweza kupanga mapema nauli na mtu wa kubaki na watoto. Tumeona kwamba mgonjwa hukosa kurudi hospitali kwa sababu ya nauli zaidi ya kwa sababu ya ugumu wa moyo.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Je, katika kijiji chetu ni nani mwenye sikio la usaha la siku nyingi? Mara ya mwisho kupimwa ilikuwa lini?
2. Kwa nini watu husema "ni lile sikio lake tu"? Tabia hiyo inafanana na ipi katika magonjwa mengine, kwa mfano kikohozi cha mvuta sigara?
3. Mtu uso ukimpinda hapa kwetu, watu husema nini? Maneno hayo yanamsaidia afike hospitali au yanamficha?
4. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini kuhusu nauli ya mgonjwa wa kurudi kliniki mara tatu au nne?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, kila mshiriki amtembelee mtu mmoja mwenye sikio bovu. Amwombe ainue nyusi, afumbe macho na kuonyesha meno. Kama pande mbili hazilingani, msingoje mkutano, mpelekeni hospitali.